Hasira ya Komoro: bei ya mchele ina maelezo, hesabu ya kura haina

Januari 16, 2024, Tume ya Uchaguzi ya Komoro ilimtangaza Rais Azali Assoumani mshindi wa duru ya kwanza kwa asilimia 62.97 ya kura. Tume hiyo hiyo ikasema waliopiga kura ya urais ni asilimia 16.3 tu ya walioandikishwa. Kesho yake vijana wa mji mkuu, Moroni, waliingia barabarani. Njia zikazibwa, nyumba ya aliyekuwa waziri ikachomwa moto, ghala la taifa la chakula likavamiwa. Jeshi likatolewa, ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku, na angalau mtu mmoja akapoteza maisha. Siku chache baadaye Mahakama ya Juu ikathibitisha ushindi kwa asilimia 57, ila safari hii waliojitokeza walikuwa wamepanda na kupita asilimia 56.

Waliokuwa wakilalamikia kura waliishia mlangoni pa ghala la chakula, na hilo halikuwa jambo la bahati. Malalamiko ya Wakomoro huja yameshikana: mchele umepanda, umeme umekatika, hospitali haina dawa, kijana amepanda kwasa, boti ndogo, kwenda Mayotte, kisiwa jirani kilicho chini ya Ufaransa, na rais ni yule yule. Serikali huyajibu moja moja, na kila jibu lina ukweli ndani yake. Mchele ni wa kuagiza. Mafuta ni ya kuagiza. Nchi ni visiwa vitatu vyenye watu wasiofika milioni moja, na kila kisiwa kinataka bandari yake, mitambo yake ya umeme na hospitali yake.

Msimamo wa makala haya ni huu: kwenye suala la bei, serikali ina hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Kwenye suala la kura, mahakama na vitabu vya mashirika ya umma, haina hoja inayosimama. Na kwa kuwa hili la pili halina jibu, jibu la lile la kwanza haliaminiki hata pale linapokuwa sahihi.

Mchele unafikaje mezani

Kwa miaka mingi mchele wa kawaida, ule wa bei ya chini unaoliwa na walio wengi, umekuwa ukiagizwa na shirika la serikali, ONICOR. Wafanyabiashara binafsi huleta mchele wa daraja la juu. Utaratibu huu una faida ambayo wakosoaji huipita haraka mno. Mtu wa Fomboni, kwenye kisiwa kidogo cha Mwali ambako meli kubwa haina sababu ya kwenda, hupangiwa bei kwa kipimo kile kile cha mtu wa Moroni. Soko likiachwa lenyewe, Mwali italipa zaidi kila mwezi wa mwaka.

Hasara yake ni kwamba shirika moja likiteleza, nchi nzima inabaki bila chakula, na kuteleza ni rahisi. Chukua watu 850,000, kila mmoja ale gramu 200 kwa siku: hizo ni tani 170 kila kunapokucha. Meli ya tani 10,000 inakwisha kwa siku 59. Sasa pima upande wa kuagiza. Kuna kutangaza zabuni na kukubaliana bei, kuna kupata dhamana ya benki ambayo muuzaji wa Asia ataikubali, kuna kusubiri zamu ya kupakia, kuna safari, kisha kupakua. Hatua hizi zikipangwa moja nyuma ya nyingine, miezi miwili ni muda wa kubana. Maana yake oda ya meli inayofuata inatakiwa itoke siku ile ile ambayo meli iliyopo inaanza kupakua. Ukingoja ghala lifike nusu ndipo uanze kuita wauzaji, mwezi mzima wa uhaba umeshaukaribisha, hata kama bei ya dunia haijasogea hata senti.

Kwa nini oda hucheleweshwa na watu wanaoijua kazi yao? Mara nyingi tatizo ni pesa ya mzunguko. Mauzo ya shehena iliyopita ndiyo yanayotakiwa kununua shehena ijayo. Pesa hiyo ikiwa bado iko kwa wauzaji waliopewa mzigo kwa mkopo, au hazina imeiazima kulipa mishahara, benki haitoi dhamana na meli haipakiwi. Hapa serikali haiwezi kusingizia bahari.

Bahari nayo ina sehemu yake. Bandari ya Moroni haina kina cha kutosha kwa meli kubwa. Meli hutia nanga nje, mzigo ukashushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi gatini. Mutsamudu, kisiwani Nzwani, ndiko kwenye gati la maji marefu, kwa hiyo mizigo mingine hushushwa huko kisha ikasafirishwa tena kwenda Ngazija, kisiwa ulipo mji wa Moroni, kwa vyombo vidogo. Kila kuhamisha mzigo ni gharama: vibarua, bima, magunia yanayopasuka, siku ambazo mwenye meli anatoza kwa kusubirishwa. Bahari ikichafuka wakati wa mvua za kaskazi, matishari hayatoki kabisa. Mtu wa Dar es Salaam, ambaye meli yake hufunga gatini na kreni ikaanza kazi, hana gharama hii, na kumlinganisha moja kwa moja na Mkomoro ni kumdhulumu anayepanga bei kule Moroni.

Halafu kuna uvumi. Ikisikika kwamba meli imechelewa, mwenye duka anaficha magunia hamsini nyuma ya stoo na mwenye uwezo ananunua ya miezi mitatu kwa mara moja. Ghala lililokuwa na akiba ya siku 20 linafagiliwa kwa wiki moja. Askari akitumwa kukamata walanguzi atawapata wawili watatu, lakini uvumi hauishi mpaka mtu atangaze kwa tarehe: meli fulani, tani kadhaa, iko mahali fulani, itaanza kupakua siku fulani.

Faranga iliyofungwa kwenye euro

Sehemu hii ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote, na pande zote mbili huitumia vibaya.

Faranga ya Komoro imefungwa kwenye sarafu ya Ulaya kwa faranga 491.96775 kwa euro moja. Kiwango hicho kimetokana na uamuzi wa Januari 1994, thamani iliposhushwa kutoka faranga 50 hadi 75 kwa faranga moja ya Ufaransa. Euro ilipoanza 1999 kilichofanyika ni kuzidisha tu. Hazina ya Ufaransa ndiyo inayodhamini ubadilishaji huo kwa mkataba wa Novemba 1979, na kwa upande wake Benki Kuu ya Komoro huweka sehemu kubwa ya akiba yake ya fedha za kigeni Paris.

Wanaoupinga mpango huu wanasema nchi iliyojitangazia uhuru Julai 6, 1975 haifai kuweka akiba yake kwa mtawala wa zamani, hasa mtawala ambaye bado anaishikilia Mayotte. Ni hoja ya heshima ya taifa na haipuuziki. Lakini mwenye mshahara wa faranga ajiulize ingekuwaje bila dhamana hiyo. Nchi yenye mauzo machache nje, karafuu, vanila na mafuta ya mlangilangi, ingekuwa na sarafu inayoanguka kila bei ya karafuu inapoanguka. Serikali yenye madeni ya mishahara ingeshawishika kuchapa noti. Kamba ya Paris imewazuia watawala wa Moroni wasile akiba za wananchi kwa njia ya mfumuko wa bei, na hilo ni jema ambalo maskini hufaidika nalo bila kulijua.

Ubaya wake uko kwenye dola. Mchele na mafuta hununuliwa kwa dola, na faranga hufuata euro inakokwenda. Tuchukue tani ya mchele kwa dola 500, bei isibadilike. Mwanzoni mwa 2021 euro moja ilikuwa karibu dola 1.20, hivyo tani hiyo iligharimu faranga 205,000 hivi, yaani 205 kwa kilo kabla ya usafiri na ushuru. Julai 2022 euro ilishuka hadi dola moja. Tani ile ile ikawa faranga 246,000, yaani 246 kwa kilo. Kilo imepanda faranga 41 na hakuna mtu Moroni aliyefanya lolote. Familia ya watu wengi inayopika kilo 3 kwa siku inalipa zaidi ya faranga 3,600 za ziada kwa mwezi. Mwaka huo huo vita vya Ukraine vilipandisha mafuta na ngano.

Hesabu hii inaenea kwenye karatasi moja. Ingebandikwa kwenye mlango wa kila ghala, na ikasomwa redioni kwa Kikomoro, watu wangekasirika bado, ila wangejua wanakasirikia nini. Badala yake bei mpya huja kwa waraka: tarehe, kiasi, sahihi. Mwananchi aliyeona kura zikihama kutoka asilimia 16 hadi 56 kwa siku chache hana sababu ya kuuamini waraka mwingine usio na hesabu.

Umeme wa dizeli

Kila kisiwa kina gridi yake na hakuna waya unaopita chini ya bahari kuviunganisha. Mitambo mingi ni ya dizeli, Ngazija ikitegemea zaidi kituo cha Voidjou, na msimamizi ni shirika la umma, SONELEC.

Jenereta nzuri ya ukubwa huo hutoa takriban yuniti 3.5 hadi 4 kwa lita ya dizeli. Tuweke bei ya mfano tu, faranga 400 kwa lita, na yuniti 3.7: mafuta peke yake ni faranga 108 kwa kila yuniti inayozalishwa. Lakini yuniti inayozalishwa siyo inayolipiwa. Nyingine hupotelea kwenye waya chakavu na transfoma zilizozidiwa, nyingine huibwa, nyingine huenda kwenye ofisi za umma zisizolipa bili. Kama zinapotea 30 kwa kila 100, gharama ya mafuta kwa yuniti iliyolipiwa inakuwa faranga 154, kabla ya mishahara, vipuri na waya. Bei kwa mteja ikiwekwa chini ya hapo, shirika linapata hasara zaidi kadiri linavyowasha mitambo kwa muda mrefu. Kukata umeme kunageuka njia ya kupunguza hasara. Uzembe wa fundi upo, lakini hata fundi hodari hawezi kulishinda hili.

Kuanzia hapo kuharibika kunaendelea kwa hatua zinazojulikana. Pesa ya vipuri haipo, kwa hiyo mtambo uliofikisha saa zake za kufunguliwa na kukarabatiwa unaachwa uendelee. Chujio na oili vinapitishwa muda. Siku mmoja ukizima, iliyobaki inabebeshwa mzigo wote, inapata joto, inakula oili, na baada ya wiki kadhaa wa pili unazima. Kipuri kinaagizwa Ulaya kwa ndege kwa sababu sasa ni dharura, kwa bei mara kadhaa ya ile ya kukileta kwa meli mapema. Mtaani, mwenye duka la samaki anatupa samaki au ananunua jenereta ndogo, na dizeli ya jenereta ile ndogo hutoa yuniti chache zaidi kwa lita. Nchi inachoma mafuta mengi zaidi ili ipate umeme mdogo zaidi.

Madeni nayo hufungana. Shirika la umeme halilipi kampuni ya taifa ya mafuta, nayo kampuni ya mafuta ina mkopo wa kulipa kwa wafadhili wa shehena, akiwemo ITFC, tawi la biashara la Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Wizara haijalipa bili ya umeme, kwa hiyo shirika nalo halilipi kodi. Kila taasisi ina sababu ya kutolipa, na sababu hiyo ni taasisi nyingine ya serikali.

Jua ndilo linalotajwa sana kuwa dawa, na kweli lipo. Benki ya Dunia ilipitisha mradi wa umeme wa jua mwaka 2020, na kampuni binafsi imefunga paneli kusini mwa Ngazija. Ila kwenye gridi ndogo jua bila betri lina kikomo. Wingu moja likipita, megawati kadhaa zinaondoka kwa dakika moja, na dizeli lazima iwe tayari inazunguka kuziba pengo, ama gridi nzima inaanguka. Betri ndiyo sehemu ya gharama, na ndiyo inayofika mwisho kwenye miradi ya aina hii. Joto la ardhi chini ya mlima Karthala lingetoa umeme usiotegemea wingu wala saa. Tatizo ni visima vya kwanza vya uchunguzi: ni ghali, na vinaweza kuchimbwa pasipo na mvuke. Nchi yenye bajeti ndogo haiwezi kubeba bahati nasibu hiyo peke yake, na katika hilo serikali inastahili kusikilizwa inapoomba msaada wa nje.

Pesa ya Marseille

Kama moja ya tano ya pato la taifa huletwa na Wakomoro walio nje, wengi wao Ufaransa, hasa Marseille. Pesa hiyo ndiyo iliyofanya uchumi huu usimame kupitia kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, korona na bei za 2022. Hulipa mchele, ada za shule, na tiketi ya mgonjwa kwenda kutibiwa Dar es Salaam wakati hospitali ya El-Maarouf ikijengwa upya kwa miaka na miaka. Huendesha arusi kubwa za kimila za Ngazija. Vijiji vingi vimejijengea barabara, matangi ya maji na misikiti kwa michango ya watoto wao walio ugenini.

Faida ni dhahiri kiasi kwamba madhara yake hayasemwi. Serikali ambayo wananchi wake wanajihudumia haisukumwi sana kutoa huduma. Mapato ya kodi ya Komoro ni madogo mno kwa nchi ya uchumi wake, na sehemu kubwa hukusanywa forodhani kwa sababu ni rahisi kumkamata mwenye kontena kuliko kumkagua mwenye biashara mjini. Kwa hiyo mama anayelalamika kwamba bei za sokoni Volovolo hazishikiki analipa kodi nyingi kwa mapato yake, ila haioni, imo ndani ya bei ya mafuta ya kupikia. Mwenye duka mkubwa mwenye marafiki anaweza kulipa kidogo kuliko yeye.

Serikali inasema: watu hawalipi kodi, huduma zitatoka wapi? Watu wanasema: huduma hazipo, tulipie nini? Mabishano haya yanaweza kuzunguka miaka hamsini mingine. Mwenye vitabu ndiye anayetakiwa kuanza kuvifungua, na vitabu viko serikalini. Walio nje wana deni lao pia wanalodai: haki yao ya kupiga kura inatajwa kisheria tangu zamani, lakini mpaka uchaguzi wa 2024 pesa zao zilikuwa zinavuka bahari na kura zao hazivuki.

Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinisha mpango wa miaka minne Juni 2023, wa takriban dola milioni 43. Masharti yake yanafahamika kokote: kukusanya kodi zaidi, kusafisha benki mbovu, ikiwemo ile ya posta iliyofilisika na kugeuzwa benki mpya, na kusimamia mashirika ya umma. Wapinzani huita masharti hayo mzigo wa kigeni. Tukiyasoma kwa makini, sharti la kukagua mashirika ya umma ndilo ambalo mwananchi wa Komoro angelidai mwenyewe kama angekuwa na bunge la kumdaia. Lililo gumu kwake ni bei kufuata gharama kabla ya vitabu kukaguliwa, kwa sababu hapo analipia gharama halali pamoja na wizi bila kujua ipi ni ipi.

Utulivu, na bei yake

Hoja kubwa ya kisiasa ya Rais Azali ni utulivu. Tangu 1975 nchi imepitia mapinduzi na majaribio ya mapinduzi yanayozidi 20. Rais wa kwanza, Ahmed Abdallah, alipinduliwa mwezi ule wa kwanza wa uhuru, akarudishwa 1978 na mamluki wa Mfaransa Bob Denard, akauawa Novemba 1989. Nzwani ilijitenga 1997. Azali mwenyewe, akiwa kanali, alitwaa madaraka Aprili 1999. Makubaliano ya Fomboni ya 2001 ndiyo yaliyozaa urais wa kupokezana kati ya visiwa vitatu, na watoto waliozaliwa baada ya hapo hawajaona mapinduzi yaliyofanikiwa. Watanzania wanaikumbuka Machi 2008, wanajeshi wao walipokwenda Nzwani na wenzao wa Umoja wa Afrika kumwondoa Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa hicho aliyekataa kuachia madaraka. Hakuna mtu mwenye akili anayetaka kurudi huko.

Wanaomtetea wanaongeza kwamba katiba ya 2001 ilikuwa ghali: rais wa Muungano, marais wa visiwa, mabunge, makamu, magari. Ni kweli, na kura ya maoni ya 2009 tayari ilikuwa imeanza kupunguza, marais wa visiwa wakawa magavana. Kura ya Julai 30, 2018 iliondoa makamu watatu wa rais. Kama ingeishia hapo, ingekuwa mageuzi ya bajeti. Iliruhusu pia rais aongoze vipindi viwili vya miaka mitano mfululizo, kwa hiyo zamu ya Nzwani iliyotarajiwa 2021 ikasogezwa hadi 2029. Kabla yake, Aprili 2018, Mahakama ya Katiba ilisimamishwa na mamlaka yake kuhamishiwa Mahakama ya Juu. Oktoba mwaka huo mji mkongwe wa Mutsamudu ukawa uwanja wa mapigano kwa siku kadhaa.

Mahakama ile ile iliyopokea mamlaka 2018 ndiyo iliyothibitisha kura za 2024. Walioandikishwa walikuwa wapatao 340,000. Asilimia 16.3 ni kura 55,000 hivi. Asilimia 56 ni 190,000. Kati ya tangazo la kwanza na la pili kuna tofauti ya kura zaidi ya 130,000, na urais ulipigiwa kura siku moja na ugavana, katika vituo vile vile. Inawezekana kuna maelezo: matokeo ya vituo yaliyochelewa, makosa ya kujumlisha, fomu zilizohesabiwa upande mmoja. Maelezo ya namna hiyo huthibitishwa kwa kutoa fomu za kituo kimoja kimoja ili kila mtu ajumlishe mwenyewe. Bila hivyo, utulivu unaozungumzwa ni wa watu walionyamazishwa na doria.

Kesi ya rais wa zamani, Ahmed Abdallah Sambi, inaonyesha pande zote mbili kwa wakati mmoja. Tuhuma zenyewe ni nzito: mpango wa kuuza uraia wa Komoro kwa watu wasio na utaifa wa nchi za Ghuba, ulioanza chini ya utawala wake kwa sheria ya 2008, na fedha ambazo hazikuonekana zilikoishia. Mwananchi ana haki ya kujua zilikwenda wapi, na wafuasi wa Sambi wanaokataa hata swali kuulizwa hawamtendei haki mtu huyo. Lakini alizuiliwa zaidi ya miaka minne kabla ya kesi, kisha Novemba 2022 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini na Mahakama ya Usalama wa Taifa, ambayo hukumu yake haina rufaa. Kesi iliyotakiwa kuonyesha njia ya fedha ikaisha kwa kumwondoa mpinzani.

Yaliyofuata hayakutuliza mtu. Julai 2024 mtoto wa rais, Nour El Fath, alifanywa katibu mkuu wa serikali. Septemba rais alijeruhiwa kwa kisu na askari kijana katika mazishi huko Salimani, na mshambuliaji akakutwa amekufa mahabusu siku iliyofuata, kabla hajahojiwa hadharani. Januari 2025 chama tawala kilichukua karibu viti vyote 33 vya bunge. Sehemu ya upinzani ilisusia, na kususia huko kuna bei: karibu hakuna aliyebaki ndani wa kuita hesabu za ONICOR au SONELEC mbele ya kamati. Upinzani pia umekuwa ukiahidi mchele wa bei nafuu bila kusema tofauti itafidiwa na nani. Ukiahidi kushusha kilo kwa faranga 50 katika nchi inayokula tani 170 kwa siku, umeahidi faranga milioni 8.5 kila siku. Zitoke wapi?

Vinavyowezekana bila mfadhili

Yapo mambo ambayo hayahitaji mkopo wala mkutano wa Paris. Kila shehena ya mchele itolewe hadharani kwa karatasi yenye mistari tisa: tarehe ya oda, tani, bei ya tani kwa dola, kiwango cha dola siku ya malipo, usafiri, matishari, ushuru, gharama za shirika, bei ya ghala. Pesa ya mzunguko wa mchele iwekwe kwenye akaunti ambayo hazina hairuhusiwi kuigusa, na oda itoke akiba ikifika siku 75. Kwa umeme, ratiba ya mgao kwa mtaa itangazwe kila wiki na ifuatwe, mita za luku zifungwe kwanza kwenye ofisi za serikali kabla ya nyumba za watu, na kila mwezi litangazwe deni la kila wizara kwa jina. Hatua ya wizara ni ngumu kisiasa, ndiyo maana inafaa kutangulia. Mteja wa kawaida akiona wizara imezimiwa taa kwa kutolipa, kumwambia alipe bili kunakuwa na maana.

Kwa uchaguzi, fomu ya kila kituo ibandikwe ukutani, ipigwe picha mbele ya mawakala, iwekwe kwenye tovuti ya tume usiku ule ule, urais na ugavana kila moja na fomu yake. Daftari la wapiga kura lifunguliwe kwa ukaguzi vijijini angalau miezi 18 kabla, kwa sababu wiki sita hazitoshi kuondoa marehemu na kuwaingiza waliotimiza miaka.

Kwa katiba ya 2018, zamu ya urais inahamia Nzwani 2029, kisiwa chenye watu wengi kwenye ardhi finyu, ambako boti za Mayotte huondokea na ambako jeshi liliingia 2008 na 2018. Mwaka 2027 nchi itakuwa imeshughulika na Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi, na bajeti ya viwanja itaulizwa kama bajeti ya mchele inavyoulizwa. Ukaguzi wa daftari ukianza kabla ya michezo hiyo, mgombea wa Nzwani na mgombea wa chama tawala watabishania majina na vituo. Ukiahirishwa hadi baada yake, watabishania asilimia, kama Januari 2024.